Vyuo vya Ifakara na Bonde la Kilombero

Vyuo vya Ifakara na Bonde la Kilombero ni taasisi za elimu ya juu, elimu ya kati, ufundi na utafiti zinazopatikana katika mji wa Ifakara na maeneo yanayouzunguka katika kusini ya Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Eneo hilo linajumuisha wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi.

Tofauti na miji mingi ya Tanzania, ambako elimu ya juu ilianza na vyuo vya ualimu au vya utawala, Ifakara ilipata vyuo vyake kutokana na hospitali ya misheni na maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya vyuo vya bonde hilo ni vya afya. Vilivyobaki vinahusu kilimo cha mpunga na miwa, ufundi stadi na elimu ya watu wazima.

## Eneo

Mto Kilombero unatokana na kukutana kwa mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za kusini, ikiwemo Ruhudji, Mnyera na Mpanga. Baada ya kupita katikati ya bonde unaungana na mto Luwegu na kuwa mto Rufiji. Upande wa kaskazini magharibi bonde limepakana na Milima ya Udzungwa, na upande wa kusini mashariki limepakana na milima ya Mahenge. Katikati ni uwanda mpana unaofurika kila msimu wa mvua. Mwaka 2002 uwanda huo uliandikishwa kati ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Wenyeji wa bonde ni hasa Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, pamoja na wahamiaji wengi waliofuata mashamba ya mpunga, viwanda vya sukari, reli na malisho.

Kadiri ya sensa ya mwaka 2012, Wilaya ya Kilombero ilikuwa na wakazi 407,880, na Wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Malinyi ndani yake, wakazi 265,203. Baadaye Malinyi ilimegwa kutoka Ulanga na kuwa wilaya ya pekee.

Mto unaligawa bonde katika pande mbili. Ifakara, Mang'ula, Kidatu na Mlimba ziko upande mmoja, pamoja na reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Mikumi na Morogoro. Lupiro, Mahenge, Mtimbira na Malinyi ziko upande wa pili. Mgawanyo huo umeathiri sana nani anafika chuoni, kama inavyoelezwa chini.

## Historia

### Misheni na hospitali

Wamisionari Wakapuchini na Masista wa Baldegg, wote kutoka Uswisi, walifika Tanganyika mwaka 1921, baada ya wamisionari Wajerumani kuondolewa kutokana na Vita vya kwanza vya dunia. Katika bonde la Kilombero waliendesha shule, parokia na zahanati. Zahanati ya Ifakara ilikua hadi kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka pande zote mbili za mto. Tangu miaka ya 1940 alifanya kazi huko daktari Karl Schöpf, ambaye chini yake hospitali ilipanuka.

Hospitali ilihitaji wauguzi, na katika mazingira ya bonde hilo haikuwa rahisi kuwapata kutoka mbali. Hivyo mafunzo yalianza ndani ya hospitali yenyewe. Hilo ndilo chimbuko la vyuo vyote vya afya vya Ifakara: kwanza walikuja wagonjwa, kisha walimu, na mwisho majengo ya chuo.

### Maabara ya mwaka 1957

Mwaka 1949 mwanazoolojia Rudolf Geigy (1902-1995) wa Basel, mkurugenzi wa Taasisi ya Nchi za Joto ya Uswisi, alifika Ifakara akitafuta mahali pa kuchunguza magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Bonde lilikuwa na malaria nyingi mwaka mzima, lilikuwa na mbung'o na kupe, na lilikuwa na hospitali ya Waswisi wenzake ambayo ingeweza kuwapokea watafiti.

Mwaka 1957 taasisi hiyo ilifungua maabara ya kudumu mjini Ifakara. Kwa miaka mingi wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakija kwa muda, wakikusanya sampuli na kurudi kwao. Watanzania walifanya kazi hasa kama wasaidizi wa maabara na wa nyanjani.

### Kituo cha mwaka 1961

Mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, kulifunguliwa kando ya maabara kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Gharama zilitolewa na mfuko ulioanzishwa na viwanda vya kemikali na dawa vya Basel. Nchi mpya ilikuwa na madaktari wachache mno, na wengi wao walikuwa mijini. Kituo kilikusudiwa kuandaa watu ambao wangeweza kuendesha zahanati peke yao: kutambua ugonjwa kwa darubini, kutibu malaria na vidonda, kusimamia usafi wa maji na kujua mgonjwa gani apelekwe hospitali.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliamua kuelekeza huduma za afya zaidi vijijini. Katika miaka ya 1970 kituo cha Ifakara kilibadilishwa kuwa chuo cha kuandaa watumishi wa ngazi ya kati ambao leo huitwa matabibu, na mwaka 1978 kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Kuanzia hapo Wizara ya Afya ndiyo iliyopanga wanafunzi na mitaala.

### Kutoka maabara ya wageni hadi taasisi ya taifa

Mabadiliko ya pili yalihusu maabara. Katika miaka ya 1980, wakati mtaalamu wa epidemiolojia Marcel Tanner alipokuwa akiiongoza, utafiti ulianza kufungamanishwa zaidi na mipango ya afya ya wilaya. Mwaka 1991 maabara iligeuzwa kuwa kituo cha utafiti cha Kitanzania, na mwaka 1996 kikaandikishwa kama taasisi inayojitegemea. Mwaka 2008 ilichukua jina la sasa, Taasisi ya Afya Ifakara.

Uongozi ulipita mikononi mwa Watanzania. Kati yao ni Andrew Kitua na Hassan Mshinda, ambaye baadaye aliongoza Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania (COSTECH), kisha Salim Abdulla. Watafiti kadhaa wa taasisi hiyo walianza kazi bila shahada za juu, wakasomeshwa nje ya nchi na kurudi kuongoza miradi ambayo awali iliongozwa na wageni.

## Vyuo vya afya

### Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko

Chuo hicho, kinachojulikana kwa kifupi kama SFUCHAS, kilianzishwa mwaka 2010 mjini Ifakara kama chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania (SAUT) chenye makao makuu Mwanza. SAUT ni chuo kikuu cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania.

Programu yake kuu ni shahada ya udaktari wa binadamu, inayochukua miaka 5. Miaka ya kwanza hutumika kwa anatomia, fiziolojia, biokemia na masomo mengine ya msingi. Miaka inayofuata wanafunzi huzunguka katika idara za Hospitali ya Mtakatifu Fransisko: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Baada ya kuhitimu, daktari hufanya mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali iliyoidhinishwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kuanzishwa kwa chuo hicho kuliongeza idadi ya madaktari katika hospitali, kwa sababu walimu wa chuo ndio pia mabingwa wanaohudumia wodi. Kwa mgonjwa anayetoka Malinyi au Mlimba maana yake ni kwamba baadhi ya matibabu ambayo zamani yalihitaji safari ya Morogoro au Dar es Salaam yanaweza kupatikana Ifakara.

### Kituo cha Mafunzo ya Afya ya Kimataifa

Kituo hicho (TTCIH) ndicho mrithi wa kituo cha mwaka 1961 na kiko katika eneo lilelile. Kilipata sura yake ya sasa katika miaka ya 2000, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, taasisi ya Basel na Mfuko wa Novartis.

Kwa miaka mingi kilijulikana kwa kuandaa madaktari wasaidizi. Hao walikuwa matabibu wenye uzoefu wa kazi waliorudi chuoni kwa miaka 2 na kufundishwa, pamoja na mengine, upasuaji wa dharura. Nchini Tanzania madaktari wasaidizi ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, wakati madaktari wenye shahada walikuwa wachache.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 kituo kiliendesha pia mafunzo ya miezi 3 kwa vikundi vidogo vya watumishi wa vituo vya afya vya vijijini. Madaktari wasaidizi walifundishwa huduma za dharura za uzazi, na wauguzi wakunga walifundishwa kutoa dawa ya usingizi. Lengo lilikuwa kwamba kituo cha afya kiweze kumfanyia mama upasuaji bila kumsafirisha. Katika bonde ambalo mvua hukata barabara, saa chache za safari zinaweza kuamua kama mama na mtoto watapona.

Kituo hutoa pia kozi fupi za kimataifa, ambazo huleta Ifakara wanafunzi wa tiba na afya ya jamii kutoka nchi mbalimbali.

### Chuo cha Uuguzi cha Edgar Maranta

Chuo hiki cha Ifakara kinafundisha wauguzi na wakunga, na wanafunzi wake hufanya mafunzo kwa vitendo katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kimepewa jina la Edgar Maranta (1897-1975), Mkapuchini kutoka Uswisi aliyekuwa askofu mkuu wa kwanza wa Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1953 hadi 1968. Wakati wa uongozi wake bonde la Kilombero lilikuwa chini ya Dar es Salaam hadi lilipoanzishwa Jimbo la Mahenge mwaka 1964. Jimbo la Ifakara lilianzishwa mwaka 2012.

### Chuo cha Uuguzi cha Lugala

Upande wa pili wa mto, katika Wilaya ya Malinyi, kuna Hospitali ya Kilutheri ya Lugala, mali ya Dayosisi ya Ulanga Kilombero ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Hospitali hiyo ina chuo cha uuguzi. Kama Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, nayo imesaidiwa na shirika la Uswisi la SolidarMed.

Chuo cha Lugala ni kidogo kuliko vile vya Ifakara, lakini kina umuhimu wa pekee. Kinawawezesha vijana wa Malinyi kusomea uuguzi bila kuvuka mto, na kinawaandaa wanafunzi katika mazingira yaleyale watakayofanyia kazi: wodi zenye watumishi wachache, rufaa za mbali na msimu mrefu wa malaria.

## Taasisi ya Afya Ifakara

Taasisi ya Afya Ifakara si chuo kikuu, lakini imekuwa mahali pa kusomea kwa mamia ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Taasisi ina matawi mahali pengine, ikiwemo Bagamoyo na Dar es Salaam. Hushirikiana na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha katika shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya umma, na wanafunzi wengi wengine husajiliwa katika vyuo vikuu vya nje huku wakifanya utafiti wao bondeni.

Baadhi ya tafiti zilizofanyika Ifakara na vijiji vya jirani zilibadilisha sera za afya nje ya Tanzania pia:

* Katika kijiji cha Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilijaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya 31% kwa watoto. Majaribio yaliyofuata mahali pengine hayakuthibitisha manufaa yake na chanjo iliachwa, lakini Ifakara ilibaki na wataalamu na maabara vilivyotumika katika majaribio ya baadaye.
* Mwaka 1996 ulianza mfumo wa kuandikisha vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Takwimu hizo zimetumiwa na wanafunzi wa fani mbalimbali.
* Mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu katika wilaya hizo ulionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliotumia vyandarua uliongezeka kwa 27%. Matokeo yalitolewa mwaka 2001.
* Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba watoto wachanga waliopewa dawa ya kinga wakati wa kupelekwa kliniki kwa chanjo za kawaida walipata malaria pungufu kwa 59%.

Mwaka 2008 taasisi ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika vilivyopewa kwa pamoja Tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias ya nchini Hispania kwa ushirikiano wa kimataifa. Vingine vilikuwa vya Mali, Ghana na Msumbiji.

Katika kijiji cha Kining'ina, nje kidogo ya mji, taasisi ina vibanda vikubwa vya wavu vinavyofugiwa mbu katika mazingira yanayofanana na ya asili. Ndani yake mna nyumba ndogo, mimea na madimbwi, hivi kwamba mwanafunzi anaweza kuchunguza tabia za mbu bila kumwachia huru.

## Vyuo vya kilimo, sukari na mazingira

### TARI Ifakara

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara kilijulikana kwa muda mrefu kwa jina la KATRIN. Tangu kuundwa kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kwa sheria ya mwaka 2016 kinaitwa TARI Ifakara. Kazi yake kuu ni mpunga, zao linaloshika uchumi wa bonde. Wakulima wanakifahamu kwa mbegu bora, zikiwemo TXD 306, maarufu kama SARO 5, ambayo imeenea katika skimu za umwagiliaji za mikoa mbalimbali. Kituo hupokea wakulima na maafisa ugani kwa mafunzo, pamoja na wanafunzi wa kilimo wanaokuja kwa mazoezi ya vitendo.

### Chuo cha Taifa cha Sukari

Chuo hicho kiko Kidatu, katika ncha ya kaskazini ya bonde, jirani na mashamba ya miwa na viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, ambavyo vilianza katika miaka ya 1960. Kinafundisha uzalishaji wa miwa na teknolojia ya kutengeneza sukari. Wahitimu wake huajiriwa Kilombero na katika viwanda vingine vya sukari nchini, kama vile Mtibwa, TPC mkoani Kilimanjaro na Kagera.

### Mang'ula

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina makao yake Mang'ula. Hapo kuna kituo cha ufuatiliaji wa ekolojia kilichoanzishwa kwa ushirikiano na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia. Kituo hupokea wanafunzi na watafiti wanaochunguza misitu, nyani na wanyama wengine wa Udzungwa, ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

## Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa nchini Tanzania kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya nchi hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alitaka mwanakijiji aliyemaliza shule ya msingi apate mahali pa kujifunza stadi na kisha kurudi kijijini kwake, badala ya kuhamia mjini. Vyuo hivyo vilifikia zaidi ya 50 nchini kote.

Katika bonde la Kilombero viko viwili, kimoja kila upande wa mto:

* Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara, mjini Ifakara
* Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Sofi, katika Wilaya ya Malinyi

Masomo ya vyuo hivyo ni kama vile ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, ufundi magari, upishi, kilimo na ufugaji. Vinapokea wanafunzi wa bweni na wa kutwa, pamoja na washiriki wa kozi fupi.

Katika miaka ya karibuni vyuo hivyo vimekuwa pia mlango wa kurudi shuleni. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na Karibu Tanzania Organization, wasichana walioacha sekondari, wengi wao kwa sababu ya ujauzito au ndoa za mapema, hupata nafasi ya kumaliza masomo ya kidato cha nne wakijifunza pia ufundi. Mama anaweza kufika chuoni na mtoto wake, ambaye hutunzwa mahali maalumu wakati wa vipindi. Kwa msichana wa vijiji vya Malinyi, chuo cha Sofi ni kati ya njia chache za kuendelea na elimu baada ya kujifungua.

## Usimamizi na udahili

Vyuo vya bonde viko chini ya mamlaka mbalimbali. Programu za shahada zinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na zile za astashahada na stashahada na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilihamishiwa Wizara ya Elimu katikati ya miaka ya 2010.

Anayetaka kusomea udaktari hupaswa kuwa amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika mtihani wa kidato cha sita, au kuwa na stashahada inayokubalika ya fani ya afya. Kwa uuguzi na utabibu, mwombaji anaweza kuingia baada ya kidato cha nne, mradi awe amefaulu masomo ya sayansi. Sharti hilo ndilo kikwazo cha kwanza kwa vijana wengi wa bonde, kwa kuwa shule nyingi za sekondari za kata zina upungufu wa walimu wa sayansi na wa maabara. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ndivyo vyenye masharti mepesi zaidi.

Wanafunzi wa shahada, hata katika vyuo binafsi, wanaweza kuomba mkopo kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wanafunzi wa astashahada kwa kawaida hutegemea familia zao.

## Mto, msimu na ada

Maisha ya vyuo vya bonde hufuata maji na mpunga. Familia nyingi huhamia kwenye mashamba ya mbali wakati wa kilimo na kuishi katika vibanda vya shambani, vinavyoitwa madungu, kwa miezi kadhaa hadi mavuno. Fedha za ada hupatikana hasa baada ya mpunga kuvunwa na kuuzwa, kuanzia katikati ya mwaka. Ada inayodaiwa kabla ya hapo mara nyingi hulipwa kwa kukopa au kwa kuuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya chini.

Kwa miongo mingi mwanafunzi aliyetoka Malinyi au Mahenge alivuka mto Kilombero kwa kivuko. Kivuko kilisimama usiku, kilisumbuliwa na mafuriko, na safari zake ziligharimu maisha ya watu. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa na rais John Magufuli mwaka 2018 na kupewa jina lake. Tangu hapo gari la wagonjwa na basi la wanafunzi huvuka saa yoyote. Hata hivyo barabara ya kutoka Lupiro hadi Malinyi imeendelea kuharibiwa na mvua za masika.

Upande wa Morogoro, barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye kilomita takriban 67, ilibaki bila lami hadi ujenzi wake ulipoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Njia nyingine ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya miaka 1970 na 1975, inayopita Mang'ula, Ifakara na Mlimba.

## Uhusiano na vyuo vya Morogoro

Bonde halina chuo kikuu cha fani nyingi. Mwanafunzi wa Kilombero, Ulanga au Malinyi anayetaka kusomea kilimo, sheria, biashara au ualimu katika ngazi ya shahada hulazimika kuondoka. Vyuo vikuu vya karibu zaidi viko Morogoro na pembeni yake:

* Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984
* Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001
* Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro
* Chuo Kikuu Kishiriki cha Jordan, ambacho pia kilianzishwa chini ya SAUT

Hivyo hutokea jambo lisilo la kawaida: bonde linapokea wanafunzi wa tiba kutoka mikoa yote ya Tanzania na watafiti kutoka mabara mengine, huku likipeleka nje vijana wake wanaotaka kuwa walimu, wanasheria au wahasibu.

## Changamoto

Changamoto kubwa ni kubaki kwa wahitimu. Ifakara imekuwa ikiandaa watumishi wa afya tangu mwaka 1961, lakini zahanati nyingi za bonde bado zina watumishi wachache kuliko inavyotakiwa. Mhitimu hupangiwa kazi au kutafuta ajira popote nchini, na maeneo yenye umeme, nyumba za watumishi na shule nzuri huvutia zaidi kuliko Ngoheranga, Kilosa kwa Mpepo au vijiji vya ndani ya Mlimba.

Vyuo vimejaribu kukabiliana na hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwapeleka wanafunzi vijijini kwa mafunzo kwa vitendo, ili mahali pa kazi pasiwe pageni kwao. Ya pili ni kuwafundisha zaidi watumishi ambao tayari wanafanya kazi vijijini, kama ilivyofanyika katika mafunzo ya dharura za uzazi. Faida ya njia hiyo ni kwamba anayefundishwa ana nyumba, shamba na ndugu mahali anaporudi.

Changamoto ya pili ni utegemezi wa fedha kutoka nje. Hospitali, maabara na vituo vya mafunzo vya Ifakara vilijengwa na kukuzwa kwa misaada ya Uswisi na nchi nyingine, na mradi unapokwisha kozi yake inaweza kusimama. Ya tatu ni ufinyu wa fani: mazao, mifugo, misitu na maji ndiyo mali ya bonde, lakini mafunzo yake ya ngazi ya juu bado ni machache kulinganisha na yale ya afya.

## Orodha ya taasisi

| Taasisi | Mahali | Fani kuu |
|---|---|---|
| Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko (SFUCHAS) | Ifakara | Udaktari wa binadamu |
| Kituo cha Mafunzo ya Afya ya Kimataifa (TTCIH) | Ifakara | Utabibu, kozi fupi za afya |
| Chuo cha Uuguzi cha Edgar Maranta | Ifakara | Uuguzi na ukunga |
| Taasisi ya Afya Ifakara | Ifakara | Utafiti, uzamili |
| TARI Ifakara | Ifakara | Utafiti wa mpunga |
| Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara | Ifakara | Ufundi stadi |
| Chuo cha Taifa cha Sukari | Kidatu | Miwa na sukari |
| Kituo cha ufuatiliaji wa ekolojia cha Udzungwa | Mang'ula | Misitu na wanyamapori |
| Chuo cha Uuguzi cha Lugala | Malinyi | Uuguzi |
| Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Sofi | Malinyi | Ufundi stadi |

## Tazama pia

* Ifakara
* Wilaya ya Malinyi
* Mto Kilombero
* Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa
* Orodha ya vyuo vikuu vya Tanzania
* Malaria